Harusi ya mama inapinda kwenye flashi? Usiutupe mkanda!

Najua kuna watakaoguna, "Huyu naye leo kaja na mambo ya mafundi redio, ile habari ya magauni ya send-off imekwenda wapi?" Magauni yapo, yatakuja. Leo nina jambo limenikaa kooni, na nina hakika nyumba nyingi za Dar hii linalo, limelala juu ya kabati ndani ya boksi jeusi la plastiki lenye kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: HARUSI.

Nazungumzia mikanda ya video, ile ya VHS, minene kama kitabu cha historia cha kidato cha nne. Kama umezaliwa baada ya mwaka 2000 huenda umeiona tu ikining'inia nyuzinyuzi kwenye uzio wa mtu, imegeuzwa kitisha ndege. Lakini muulize mama yako.

Sisi wa Bara tuna historia ya kuchekesha kidogo na mikanda hii. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Huku kwetu vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo wapo watu waliokuwa na tivii na deki sebuleni miaka mingi kabla ya kuwa na kituo cha kutazama! Tivii ilikuwa ya mikanda: filamu za Kihindi, za karate, na harusi. Akioa jirani, mtaa mzima unakwenda kukaa kwenye mkeka kutazama sherehe ambayo wote walikuwepo. Mtu anatazama harusi ya watu ili ajione yeye anavyokata keki isiyo yake.

Sasa twende kwenye yaliyonikuta.

Mama alifunga ndoa mwaka 1996. Baba alifariki mwaka 2003, mimi nina miaka minne. Sura yake naijua kwa picha za ukutani, ila sauti siijui. Watu huniambia alikuwa na sauti nzito, wengine wanasema hapana, ilikuwa ya kawaida, alikuwa anakohoa tu kabla ya kusema. Mahali pekee duniani penye sauti hiyo ni mkanda mmoja wa harusi, pale bwana harusi anaposimama kushukuru. Na deki yetu ilikufa nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Huo mkanda ukakaa juu ya kabati miaka na miaka, joto lote la Februari na unyevu wote wa masika juu yake.

Mwezi uliopita nikapata vijisenti vya makala nikasema potelea mbali, naupeleka kuhamishiwa kwenye flashi. Kuna duka moja mjini, jina silitaji, lina bango kubwa la kuhamisha kila kitu kwenda kwenye kila kitu. Kijana akaupokea, akasema elfu kumi na tano, njoo kesho. Kesho yake nikakuta flashi tayari. Akaniuliza, "Mkanda wenyewe vipi dada, tuutupe? Kila kitu kimo humo." Nilikuwa nusura niseme ndiyo, si unajua tena daladala za jioni, nani anataka kubanana na boksi? Sijui nini kilinizuia. Nikautia mkobani.

Jioni mama akaoga, akajifunga kanga mpya, akamwita jirani. Mimi nikachomeka flashi kwenye tivii. Basi bwana, ikaanza. Juu ya kioo vichwa vya watu vyote vimelalia kulia kama mikorosho ya ufukweni iliyosukumwa na upepo. Nguzo za kanisa zinacheza kama nyoka. Picha inaganda, inaruka, inaganda. Jirani akasema labda mpiga picha alikuwa amelewa. Tukacheka.

Kisha tukafika ukumbini, kwenye hotuba. Baba anasimama, anafumbua mdomo, kimya. Anaendelea kuchezesha mdomo, bado kimya. Anakaa chini. Ndipo sauti inakuja, na kwenye kioo sasa kuna mshenga anatafuna kuku! Sauti ya baba inatoka kwenye mdomo wa mshenga. Mimi na jirani tukaangua kicheko. Mama hakucheka. Alitazama kidogo, akasema taratibu, "Zima, mwanangu. Huyu siye."

Nikazima.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi rafiki yangu mmoja, mjuaji wa simu, akaniambia kuna programu za kutuliza picha inayotikisika, niletee nikufanyie. Akafanya. Ukumbi mzima ukaanza kuyumba kama boti ya Zanzibar, na nguzo zikabaki zinapinda vilevile. Akasema basi tupitishe kwenye hizi za akili bandia zinazosafisha sura. Weee! Baba akatoka na uso laini wa plastiki kama sanamu la duka la nguo, meno meupe ambayo sidhani alipata kuwa nayo. Hapo nikasema hapana. Kama ni kumtengeneza baba mwingine, sina shida naye.

Ndipo mama mdogo akanielekeza kwa mzee mmoja Kariakoo, ghorofani, nyuma ya maduka ya vitambaa. Fundi wa deki tangu zamani. Chumba kidogo, deki zimepangwa hadi dari, na feni inayolia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umeleta redio?"

Nikamweleza. Akachukua ile flashi, akaitazama kwenye kompyuta yake hata dakika mbili hazikufika, akaitoa. Akauchukua mkanda, akafungua kile kifuniko cha mbele kwa kidole gumba, akauinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Mkanda wako mzima," akasema. "Waliouhamisha hawakuwa na TBC."

Nami kwa uelewa wangu nikauliza, "Kwani mzee, harusi ya mama ilirushwa na shirika la utangazaji?"

Mzee alicheka hadi akavua miwani. Kumbe TBC anayoisema yeye si ile ya Barabara ya Nyerere wala habari ya saa mbili usiku. Ni jina la kifupi, kwa Kiingereza, la kifaa kinachosahihisha mapigo ya muda ya picha. Sisi hapa tukiite kisahihisha mapigo, maana mambo ya kuchanganya kifaa na shirika yatatupeleka pabaya.

Akanivutia kiti akanifafanulia, na mimi nawapa kama nilivyoelewa.

Picha ya tivii ya zamani haikuwa picha moja. Ni mistari. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio tuliotumia huku, picha moja ina mistari 625, na kila sekunde zinapita picha 25. Zidisha mwenyewe: mistari 15,625 kwa sekunde moja. Sekunde hiyo ukiigawa vipande milioni, kila mstari unapewa vipande 64 tu, basi. Na kabla ya kila mstari kuna alama ndogo isiyoonekana kwenye kioo, kama filimbi ya refa: anza! Anza! Anza! Mara 15,625 kwa sekunde.

Sasa filimbi hizo zinatoka wapi mkanda unapocheza? Ndani ya deki kuna kitu wanakiita ngoma, ni ya chuma, inazunguka mara 25 kwa sekunde. Pembeni yake zimepachikwa hedi, yaani vile vichwa vya kusomea, vidogo kuliko punje ya mchele. Utepe unatambaa taratibu kuizunguka, sentimita mbili na ushee kwa sekunde, na hedi zinausoma kwa mshazari, mkwaju baada ya mkwaju.

Utepe huo ni plastiki, na plastiki inavutika. Ukikaa miaka ishirini na tano juu ya kabati la Temeke unavutika zaidi. Mota ya deki nayo imezeeka, mpira umekauka, roli linateleza. Kwa hiyo filimbi haziji kwa mapigo sawasawa. Moja inawahi, moja inachelewa. Na usidhani ni kuchelewa kwa kuonekana kwenye saa ya mkononi. Mstari ukichelewa kwa kipande kimoja tu katika vile vipande milioni vya sekunde, unahamia pembeni kiasi cha moja ya hamsini ya upana wa kioo. Pua ya baba inahamia shavuni. Mstari wa chini yake ukiwahi, kidevu kinakwenda upande wa pili. Hapo ndipo nguzo za kanisa zinapogeuka nyoka.

"Mbona zamani hatukuyaona hayo?" nikamuuliza.

Hapo mzee akanyoosha kidole kwenye kona, kulikuwa na tivii ya kichogo. "Hii ilikuwa na subira," akasema.

Tivii ya kichogo ilikuwa inafuata mkanda. Mkanda ukichelewa, nayo inachelewa, kama mchezaji mzoefu na mpiga ngoma aliyelewa: mpigaji akiyumba, mchezaji anayumba naye, na watazamaji hawagundui kitu. Kompyuta si hivyo. Kompyuta ni askari wa gwaride. Ina saa yake, na inataka picha 25 kwa sekunde kwa saa yake yenyewe. Picha ikija imepinda, inaichukua na kuiandika imepinda. Ikija imechelewa au filimbi haikusikika kabisa, inaitupa. Haikuulizi! Ukifika mwisho wa sherehe picha zilizotupwa zimekuwa nyingi, sauti imebaki yote, basi mdomo na sauti haviendi pamoja. Mzee alinihesabia: picha 75 zikipotea, gawanya kwa 25, hizo ni sekunde tatu. Sekunde tatu zinatosha mshenga kupewa sauti ya bwana harusi.

Na kitu kilichonishtua zaidi ni hiki. Zile filimbi haziingii kwenye flashi. Kompyuta ikishamaliza kuandika, inabaki picha tu, mapigo yamekwishatupwa. Kwa hiyo ile programu ya rafiki yangu ilikuwa inatafuta kitu ambacho hakimo tena. Yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya mkono uliotikisika, inasogeza picha nzima juu na chini. Huku kwetu kilichotikisika ni mstari mmoja mmoja. Dawa inatakiwa iingie kabla picha haijafika kwenye kompyuta, mkanda ukiwa unacheza. Na ili uucheze, uwe nao.

Fikiria basi ningesema ndiyo kwa yule kijana wa dukani.

Namna ya kujua kama harusi yenu ina ugonjwa huu ni rahisi, wala huhitaji fundi. Tafuta kitu kilichosimama wima: nguzo, mlango, fito za turubai. Ukumbi mzima ukiinama kwa pamoja, hiyo ni bia ya mpiga picha, haina dawa. Nguzo ikipindapinda yenyewe huku sakafu imetulia, au sehemu ya juu ya kioo imelala upande mmoja, hayo ni mapigo. Chenga ni ugonjwa mwingine kabisa, unatokana na hedi chafu au utepe uliochubuka, na kisahihisha mapigo hakiuponyi. Kuna pia mstari wa vurugu chini kabisa ya picha, karibu na miguu ya watu. Huo usikutishe, upo kwenye kila mkanda wa VHS, ni pale hedi moja inapomwachia mwenzake. Tivii za zamani zilikuwa zinauficha nyuma ya fremu.

Kisahihisha mapigo kinafanyaje kazi? Kama unavuka Kigamboni utaelewa haraka. Watu wanafika kivukoni kila mmoja kwa wakati wake, mwingine anakimbia, mwingine anajivuta. Wanaingizwa kwenye banda la kusubiria, halafu geti linafunguliwa kwa wakati mmoja. Hicho kifaa ndiyo banda. Kinapokea mistari inavyokuja, hovyohovyo, kinaihifadhi kwenye kumbukumbu kwa kitambo kidogo sana, kisha kinaitoa mmoja mmoja kwa saa yake yenye jiwe la kioo, kila mstari na filimbi mpya safi. Kompyuta inapokea gwaride.

Vipo vya namna mbili. Kuna kinachonyoosha mistari ndani ya picha, ndicho kinachotibu nguzo za nyoka, na baadhi ya deki za hali ya juu za JVC na Panasonic zilitengenezwa nacho tumboni. Kuna kingine kinachoshika picha nzimanzima, hicho ndicho kinachozuia picha kutupwa na sauti kuachana na mdomo. Mkanda ulioteseka sana unavitaka vyote viwili.

Watu wa vituo vya televisheni walikuwa na shida hii kabla yetu. Mashine ya kwanza ya kurekodi picha iliyofaa kazi ya kituo ilitolewa na kampuni ya Ampex ya Marekani mwaka 1956, kubwa kama kabati, na wahandisi wakaanza kuhangaika na mapigo. Visahihishi vya kidijiti vilipotoka mwaka 1973 ndipo mkanda kutoka mashine ndogo ya bei nafuu ulipoweza kurushwa hewani bila kuaibisha. Kwa hiyo si jambo geni, ni kwamba halikuwahi kufika kwenye maduka yetu ya flashi.

"Kinauzwa bei gani hicho?" nikauliza, mkono tayari kwenye mkoba wenye nauli tu.

Mzee akatabasamu. Kisahihishi chenyewe hasa, cha kiofisi, ni ghali na hakitengenezwi ovyo siku hizi. Akavuta kutoka chini ya meza mashine moja ya kurekodia DVD, Panasonic, DMR-ES10. Ile ambayo watu wanaitupa kwa sababu nani anarekodi DVD leo? Kumbe mashine hiyo, ili iweze kurekodi, inabidi kwanza ivute picha ndani, iipange kwenye kumbukumbu yake, halafu iitoe upya kwenye waya wa kwenda kwenye tivii. Wajanja wakagundua huna haja hata ya kutia diski. Unaipitisha picha tu: deki inaingia kwenye Panasonic, Panasonic inatoka kwenda kwenye kompyuta. Inanyoosha mistari ajabu. Si kisahihishi kamili, mkanda mbovu sana unaweza kuishinda, lakini kwa harusi zetu nyingi inatosha na kubaki.

Ila ina kituko chake. Tangu katikati ya miaka ya 1980 wenye filamu walianza kuweka vurugu za makusudi kwenye mikanda ya kuuza ili watu wasidurufu. Mashine za kurekodi zikafundishwa kuzitambua na kukataa. Sasa wakati mwingine mkanda wa harusi umechakaa hadi mashine inadhani ni filamu ya Hollywood, inakataa kuupokea! Mzee anasema amewahi kukataliwa ubatizo.

Kazi ilianza Jumamosi. Hakuugusa mkanda wangu mara moja. Kwanza alitafuta ukungu, ule unga mweupe kwenye kingo za utepe, na Dar yetu hii ya pwani kwa ukungu hatujambo. Mkanda wenye ukungu ukiutia kwenye deki unachafua hedi, na unaambukiza mikanda itakayofuata. Wangu ulikuwa msafi. Kisha akafungua deki akasafisha hedi kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi: kitambaa kinatulia, ngoma ndiyo inazungushwa kwa kidole. Hapo aliniangalia kwa ukali, "Usije ukatumia zile pamba za masikio. Ukisugua juu na chini umeing'oa hedi, na hedi mpya huzipati." Nami namwamini, maana kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki hizi, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Zilizopo ndizo zilizopo.

Akajaribisha deki kwa mkanda wa filamu ya karate usio na mwenyewe. Ulipocheza vizuri ndipo akauweka wangu, akaupeleka mbele hadi mwisho na kuurudisha hadi mwanzo, polepole, ili utepe ulegee na kujipanga upya. Baada ya hapo akarekebisha ile trakingi hadi chenga zikashuka.

Mara ya kwanza aliunganisha deki moja kwa moja na kompyuta, ili nione. Programu yake ina kidirisha kinachohesabu picha zilizotupwa. Nikakitazama. Nne. Kumi na moja. Thelathini. Kila picha ilipokatwa na mpiga picha wa enzi hizo, namba ilipaa. Mzee akasimamisha, akaipitisha ile Panasonic katikati, akarudisha mkanda mwanzo.

Sifuri. Nguzo za kanisa zimesimama. Zimesimama, jamani! Zina hata maua ambayo mwanzo nilidhani ni watu. Dakika ya kumi, sifuri. Dakika ya arobaini, sifuri.

Alihifadhi kwa kubana kusikopoteza chochote, kwenye namna inayoitwa FFV1, mistari yote jinsi ilivyo, 720 kwa 576. Inakula nafasi kweli, saa moja inaweza kumeza gigabaiti thelathini hivi, nikanunua diski ya kompyuta na wiki mbili zile nikala maandazi. Kutoka hapo akanitolea nakala ndogo ya kurusha WhatsApp kwa shangazi. Wengi wanahifadhi hiyo ndogo peke yake. Mzee anasema hiyo ni ya kuonyesha, siyo ya kuweka.

Kuna njia nyingine ya kisasa zaidi, niliisoma mwenyewe nikamsomea mzee. Watu wanaojitolea wametengeneza programu ya bure iitwayo vhs-decode. Wao hawachukui picha kwenye ule waya wa njano. Wanachomelea waya ndani ya deki, pale hedi zinapotolea mawimbi yake mabichi kabla deki haijayachezea, wanayahifadhi yote na filimbi zake, halafu kompyuta inafanya usahihishaji wa mapigo baadaye, kwa nafasi. Ikikosea, unarudia bila kuuchezesha mkanda tena. Mzee alisikiliza, akaguna, akasema nimletee hiyo karatasi. Macho yake yaling'aa lakini. Namjua sasa, ataijaribu.

Nilimuuliza muda. Wataalamu wa kuhifadhi kumbukumbu za sauti na picha, pamoja na UNESCO, walitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu mikanda ya sumaku: si kwamba yote itaoza siku moja, bali mashine za kuichezea na mafundi wa kuzitengeneza wanakwisha. Mwaka 2025 ndio ulikuwa ukitajwa kama ukingo. Umepita. Mzee ana deki kumi na saba kwenye rafu, zinazofanya kazi ni tatu, nyingine ni za kung'oa vipuri. Hana mwanafunzi. Alikuwa naye mmoja, akahamia kwenye simu, na siwezi kumlaumu.

Jambo moja aliniuliza ambalo sikuwa na jibu: huu mkanda ni mama au ni nakala? Maana wapiga picha wa harusi walikuwa wanabaki na mkanda mama, familia inapewa nakala, na shangazi anapewa nakala ya nakala. Kila kudurufu, makosa ya mapigo ya deki moja yanakaa juu ya makosa ya nyingine. Ukiweza kuupata ulio karibu zaidi na kamera, uanze nao huo.

Jumapili jioni mama sikumwambia kitu. Nilichomeka diski, nikakaa kwenye mkeka. Alipoona kanisa akaacha kuchambua mchicha. Hakusema neno hadi ukumbini.

Baba akasimama. Akakohoa kidogo, kweli. Akafumbua mdomo na sauti ikatoka hapohapo, kwenye mdomo wake mwenyewe. Si nzito. Ni ya kawaida, ina mkwaruzo kidogo, na inakimbia mbio kama ya mtu anayetaka kukaa chini haraka. Anawashukuru wazazi, anawashukuru kamati, anasahau jina la mwenyekiti wa kamati, anageuka kumuuliza mama, na mama, bibi harusi wa mwaka 1996, anamnong'oneza. Watu wanacheka. Mimi nina mkwaruzo huohuo, nimeusikia kwenye simu yangu ninapojirekodi, nikidhani ni mafua.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha. Tulirudisha mara sita. Mara ya saba akaniambia ile tai aliyovaa baba ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe aliidai kesho yake asubuhi kabla hata chai haijaiva. Akacheka hadi akajifuta kwa kanga. Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kunitajia: mkanda mama anao shangazi wa Morogoro, pamoja na mwingine wa ubatizo wangu, na baba ndiye aliyeushika mtoto.

Nimekwishampigia shangazi. Nimemwambia asiucheze, asiuweke juani, na mtu yeyote akimwambia autupe amfungie mlango. Jumamosi naenda kuichukua yote miwili, na Jumatatu mzee wa Kariakoo ananisubiri. Ila kaniambia nisisahau ile karatasi yake.